Kabla ya Kupanda, Sema Nani Atakushusha

Hotuba hii ilitolewa mjini Masindi, Uganda, mbele ya wakwea miti, wakusanya mbegu, warina asali na wakata matawi. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa, na palipohitajika maelezo yameongezwa kidogo.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, afande uliyetoka kituoni kuja kukaa nasi, mama zangu mnaokusanya mbegu, na ninyi vijana mliosimama mlangoni kwa kuwa viti vimekwisha: hamjambo?

Nashukuru kwa nafasi hii. Nitazungumza Kiswahili, na sidhani kama yupo atakayelalamika. Tangu enzi za viwanda vya mbao vya msitu wa Budongo, Mnyoro, Mualuru, Mlugbara, Mwacholi na Mkongomani wamekuwa wakikutana chini ya mti mmoja, kila mtu na lugha ya mama yake, na gogo lilipoanza kulala upande usiotarajiwa, neno lililowatoa wote pale lilikuwa la Kiswahili. Lugha ambayo watu wameitumia kuonyana hatari ndiyo inayonifaa leo.

Kabla sijaendelea, naomba mikono. Wangapi kati yenu mmepanda mti wiki hii? Naam, karibu ukumbi wote. Wangapi mlipanda mkiwa na kamba? Imepungua, lakini si haba. Sasa la tatu: wangapi mlikuwa na mtu chini ya mti ambaye, kama mngezimia kule juu, angeweza kuwashusha yeye mwenyewe, kwa kamba iliyokuwa pale pale, bila kwenda kuomba msaada kijijini? Naona mikono mitatu, na mmoja kati ya hiyo ni wa mzee wangu hapa mbele, ambaye nashuku bado anajibu swali la kwanza.

Ndugu zangu, mikono hiyo mitatu ndiyo sababu ya mimi kusimama hapa. Sisi hufunga kamba tukifikiria namna ya kupanda. Ninachowaomba leo ni kwamba tuifunge tukifikiria namna ya kushushwa. Panda ya mti unayoichagua, yaani pale mti unapogawanyika na kamba inapopita, fundo unalolifunga, urefu wa kamba unayoinunua, mtu unayemweka chini, vyote vijibu swali moja kabla mguu haujaacha ardhi: nani atakushusha?

Nianze na mti wenyewe, kwa sababu kamba haiwezi kuwa imara kuliko kitu ilichofungwa.

Nilipokuwa na umri wa miaka 12 nilianguka kutoka kwenye mti wa jambula, yaani mzambarau. Tazameni kiwiko hiki, hadi leo hakinyooki. Tawi nililosimamia lilikuwa nene kama paja langu la wakati ule, bichi, lenye majani na matunda hadi nchani, na halikutoa hata mlio wa kuonya. Lilikatika kama muhogo. Kila mtoto wa Uganda amewahi kukatazwa na mama yake kupanda jambula, na kila mtoto amepanda, kwa sababu midomo ya zambarau ni fahari shuleni. Ila mama alikuwa anasema kweli. Matawi ya jambula hukatika ghafla, na ya parachichi vilevile. Mkaratusi nao unaweza kudondosha tawi zima siku isiyo na upepo wowote. Kwa hiyo unene wa tawi peke yake haukwambii kitu mpaka ujue ni tawi la mti gani.

Zunguka mti kwanza. Tazama shinani: je, kuna uyoga umeota kwenye gome au kwenye mizizi? Uyoga ni mgeni anayekula ndani ya nyumba, na ukimwona nje ujue ameshakaa muda mrefu. Je, kuna njia za mchwa? Gonga shina kwa mgongo wa panga na usikilize kama linajibu kwa sauti ya kitu kilichojaa au ya ngoma. Kisha inua macho utafute matawi makavu yaliyoning'inia, maana hayo hayasubiri kuguswa, mtikisiko wa kamba unatosha. Halafu ndipo utafute panda. Panda nzuri ni ile pana, ambayo mashina mawili yameachana kwa upole na gome limepita juu yake bila kukatika. Panda iliyobana, yenye gome lililomezwa katikati ya mashina mawili, inaonekana imara kwa kuwa imekumbatiana, lakini pale katikati hakuna mbao iliyoungana, kuna magome mawili tu yanayosukumana.

Ukishapitisha kamba kwenye panda uliyoichagua, usiipande bado. Mwite mwenzako, mshike kamba nyote wawili, mninginie kwa pamoja, mjitikise. Kwa nini wawili, wakati atakayepanda ni mmoja? Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu jambo hili watu wenye uzoefu wa miaka 20 bado hawalijui.

Fikirini ndoo ya maji ya lita 20. Pitisha kamba yake juu ya boriti, kisha simama chini ushike ncha ya pili ili ndoo isishuke. Boriti inabeba nini? Inabeba ndoo, na inabeba pia mkono wako unaovuta upande wa pili kwa nguvu ileile. Boriti inabeba ndoo mbili. Basi kamba inayotoka kwa mpandaji, ikapita juu ya panda na kufungwa shinani, inafanya hivyohivyo. Mpandaji wa kilo 80 anaweza kuiwekea panda mzigo wa karibu kilo 160. Msuguano wa gome hupunguza kidogo, lakini usiutie kwenye hesabu zako. Ndiyo maana tunaninginia wawili.

Sasa mtu mwerevu atauliza: kama kufunga shinani kunaongeza mzigo mara mbili, kwa nini nisifunge kamba juu kabisa, kitanzi kikakaza kwenye shina pale kileleni, panda ikabeba uzito wangu tu? Swali zuri. Unaweza, na kwenye mti wenye panda nyembamba huenda ndiyo njia bora. Lakini rudi kwenye swali letu. Kamba iliyofungwa kileleni, ukizimia, nani atakushusha? Mtu wa chini hana kitu cha kulegeza. Anabaki akikutazama. Lazima mtu mwingine apande mpaka ulipo, akiwa na kamba nyingine. Kamba iliyofungwa shinani kwa fundo linaloweza kulegezwa likiwa na mzigo inampa mtu wa chini uwezo wa kukuteremsha taratibu bila kuinua mguu. Shauri langu ni hili: panda ikiwa imara, funga shinani. Ikiwa si imara vya kutosha na kazi ni ya lazima, funga juu, lakini kamba ya pili iwe imekwisha kupitishwa na mwenzako awe amevaa mshipi wake wa kupandia, tayari kupanda. Kama hamna kamba ya pili wala mtu wa pili, mti huo haupandwi leo. Na mguu wa kamba unaokwenda shinani uwe upande ambao hakuna anayefyeka, hakuna msumeno, na, msicheke, hakuna mbuzi aliyefungwa karibu.

Nije kwenye mafundo.

Baba yangu alikuwa mvuvi pale Butiaba, ufukweni mwa Ziwa Albert, na fundo la kwanza nililolijua ni lile walilofungia mashua kwenye gati. Mabaharia huliita bolini. Sifa yake ni kwamba linatengeneza kitanzi kisichokaza: livute utakavyo, kitanzi kinabaki na upana uleule, na kazi ikiisha linafunguka bila kutumia meno. Baba alinifundisha kama hadithi ya mgeni. Unatengeneza kijitundu kidogo kwenye kamba, huo ndio mlango. Ncha ya kamba ni mgeni: anaingia mlangoni, anazunguka nguzo ya nyumba, ambayo ni ile kamba ndefu inayobeba mzigo, kisha anatoka kwa mlango uleule alioingilia. Rahisi hivyo. Nililifunga mara elfu nikiwa mtoto, na kwa sababu hiyo nililidharau nilipokuwa mtu mzima.

Siku moja tulikuwa tunakusanya mbegu za mkangazi, mti ambao wengi wetu huuita mahogani. Wakusanya mbegu mnajua kwamba mkangazi hausubiri: vile vidonge vyake vya mti vikipasuka, mbegu zake zenye mabawa huchukuliwa na upepo, na zinazofika chini huliwa. Ni lazima uzifuate juu kabla ya siku hiyo. Nilikuwa na kamba mpya, ngumu bado, inayoteleza kama sabuni. Nikafunga bolini kwenye mshipi wangu haraka, nikaacha ncha fupi kama urefu wa kidole cha kati, nikapanda. Kufika juu nikakaa kwenye tawi kubwa nipumzike, kamba ikalegea mapajani mwangu. Nikala muhogo wangu, nikawasimanga walio chini, nikageuka huku na huku nikichunguza vidonge. Muda wote huo fundo halikuwa na mzigo, na kila nilipojigeuza lilikuwa linapumua. Nilipoinamia mshipi ili nianze kazi tena, niliona ile ncha. Ilikuwa imebaki kama upana wa ukucha wa kidole gumba. Mgeni alikuwa ameshafika mlangoni, anaaga.

Sikupiga kelele. Nililikumbatia shina kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili nikalifunga upya huku vidole vikikataa kunitii, na hadithi ya baba ikinitoka kichwani kila nilipofika kwenye nguzo.

Kwa hiyo nisikilizeni. Bolini ni fundo zuri lenye tabia moja mbaya: likiwa halina mzigo hulegea, hasa kwenye kamba mpya au ngumu. Acha ncha isiyopungua shubiri moja, na ncha hiyo uizungushe mara mbili kwenye ubavu wa kitanzi na kuipitisha ndani, iwe fundo la pili la kulinda la kwanza. Kisha likaze kwa mkono, uzi kwa uzi, mpaka kila mkunjo ulale mahali pake. Fundo lililofungwa vizuri lakini likaachwa limevurugika hujikaza lenyewe siku ya mzigo, na huwezi kujua litajikaza kuelekea wapi.

Kwa mtu anayeanza, mimi simpi bolini. Nampa fundo la nane. Unatengeneza tarakimu 8 kwenye kamba, unapitisha ncha kwenye kitanzi cha mshipi, kisha unaifuata ile nane kurudi nyuma, njia ileile, mpaka uone mistari miwili inayokwenda sambamba kila mahali kama reli. Uzuri wake si nguvu tu. Uzuri wake ni kwamba mwenzako anaweza kulikagua kwa jicho akiwa hatua tatu mbali: mistari ni miwili miwili au si miwili. Ubaya wake ni kwamba likishabeba mzigo mkubwa hulifungui upesi, lakini sijawahi kusikia mtu aliyekufa kwa sababu fundo lilikataa kufunguka.

Na ninyi warina asali, ndugu zangu, ninyi ndio mnaonikosesha usingizi. Bado naona watu wanaojifunga kamba moja kiunoni au chini ya makwapa, kwa kitanzi kinachokaza. Ukiteleza, kitanzi hicho kinakamata mbavu na hakiachii, na mtu anayening'inia kwa kiuno hapati pumzi. Tafuta mshipi wenye vitanzi vya mapaja, uzito ukae kwenye mapaja na nyonga. Na zile karabina, yaani pete za chuma zenye mlango wa kufungua na kufunga, ndogo za rangi zinazouzwa sokoni pamoja na funguo, ni za funguo. Karabina ya kupandia imechorwa namba ubavuni, kwa mfano kilonyutoni 22, yaani kama kilo 2,200 ikivutwa kwa urefu wake na mlango wake ukiwa umefungwa. Ikivutwa kwa ubavu, nguvu hiyo hushuka hadi karibu theluthi.

Fundo la tatu ni lile linaloshika na kuachia, ambalo ndilo ngazi yetu. Mwaustria mmoja, Karl Prusik, alilieleza mwaka 1931, na jina lake limebaki nalo. Unachukua kamba nyembamba iliyofungwa kuwa duara, unaizungusha kwenye kamba kuu mara tatu, ikipita ndani ya duara lake yenyewe. Isukume bila mzigo, inateleza. Ikalie, inauma. Lakini iwe nyembamba kuliko kamba kuu: milimita 8 juu ya kamba ya milimita 12 ni sawa, na zikilingana unene, usiitegemee. Tena usiteremke nayo kwa kasi kama anayeshuka mlingoti. Msuguano huzaa joto, na nailoni huyeyuka likipita nyuzi 200 na kitu. Kabla ya kupanda, ninginia kwenye fundo lako ukiwa shubiri mbili kutoka ardhini, uone kama linashika. Kuanguka kutoka hapo kunavunja heshima tu.

Kuhusu kamba zenyewe nitapita haraka, ingawa mambo ni mengi. Ile kamba ya bluu au ya manjano inayouzwa dukani kwa mita, wavuvi wanaipenda kwa sababu inaelea. Itupe kwenye ndoo ya maji: nailoni na poliesta huzama, hii inaelea. Inayoelea ni ya kufungia ng'ombe na mizigo. Jua huila, na huyeyuka kwa joto dogo zaidi. Vipande vya mpira wa tairi tunavyofungia mizigo kwenye bodaboda sitavizungumzia, maana anayevitumia mtini anajua moyoni kwamba anakosea. Na usiibebe kamba ya kupandia kwenye buti la gari pamoja na betri. Tindikali ya betri huiharibu nailoni bila kuacha alama kubwa. Niliwahi kufanya kazi kwa mtu mmoja, jina lake tuliache, aliyetupa kamba iliyokaa buti moja na betri kuukuu kwa miezi, akasema "mbona haijakatika?" Tulipoifunga kwenye gogo na kuivuta kwa nguvu za wanaume wanne, ikakatika kama uzi wa maboga. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamwekea mwajiri wajibu wa kulinda usalama wa anayemfanyia kazi. Mwajiri akikupa kamba, una haki ya kuuliza ililala wapi.

Sasa nimefika kwenye jambo lililonileta, na hapa sitaenda haraka.

Siku moja mimi ndiye niliyekuwa mtu wa chini. Rafiki yangu alikuwa juu, mita kama 22, na panda iliyobeba kamba ilikuwa mita 25. Tulifanya kila kitu nilichowaeleza. Panda pana, tulininginia wawili. Fundo la nane kwenye mshipi. Chini, kamba ilipita kwenye breki ya chuma iliyofungwa shinani, ili niweze kumshusha. Tena nilijivuna, kwa sababu wakati ule watu wengi hapa hawakuwa wanafunga hivyo. Tawi kavu likamshukia. Likamvunja mkono wa kulia na kumpiga kofia. Nilimwita, akajibu, lakini alijibu kama mtu anayeamshwa usingizini.

Nikafungua kifungo cha breki, nikaanza kumteremsha. Taratibu, vizuri, kama tulivyofanya mazoezi. Mita moja, mbili, tano. Alipofika mita 12 kutoka ardhini kamba ilisimama. Nikatazama mkononi. Nilikuwa nimeshika fundo. Kamba ilikuwa imekwisha.

Mnaona kosa liko wapi? Kamba yetu ilikuwa ya mita 60. Mita 25 kupanda, mita 25 kurudi shinani, zikabaki mita 10 chini ya mti. Tuliziona zimejikunja pale kama nyoka, tukasema kamba inatosha na kubaki. Ilitosha kupandia. Haikutosha kushushia. Na kilichomwokoa rafiki yangu asianguke mita 12 zilizobaki ni lile fundo nililolifunga kwenye ncha ya mwisho, fundo ambalo nililifunga kwa mazoea tu.

Hesabu ni nyepesi na naomba kila mtu aondoke nayo: urefu wa kamba uwe mara tatu ya kimo cha panda. Panda ya mita 25, kamba ya mita 75. Panda ya mita 30, kamba ya mita 90. Mara moja kupanda, mara moja kurudi shinani, mara moja kukushusha. Na ncha ya mwisho ifungwe fundo, siku zote.

Nani angemshusha sasa? Kijana wa bodaboda alikimbia kambini kuchukua kamba ya pili, na safari hiyo ilichukua dakika 40. Dakika 40, ndugu zangu! Mtu anayening'inia kwenye mshipi bila kusogeza miguu, mikanda ya mapaja hubana mishipa, damu hukusanyika miguuni na kukawia kurudi moyoni. Aliyezimia anaweza kufa katika hali hiyo kwa muda mfupi kuliko inavyochukua kupika ugali wa familia. Rafiki yangu alikuwa na fahamu kidogo, na alikuwa na kamba fupi yenye kitanzi kwenye mshipi wake. Nilimpigia kelele kama sajini: "Tia mguu! Simama! Kaa! Simama tena!" Akanitukana kwa lugha tatu. Kila tusi lilinifurahisha, maana maiti hatukani.

Kamba ilipofika nilifunga ncha yake kwa fundo la Prusik kwenye ule mguu wa kamba uliokaza, juu ya breki. Ncha ya kamba ya zamani nikaiunga na ile mpya kwa usalama, kisha nikaizungusha kamba mpya shinani mara nne. Wazee wa mbao wanaijua mbinu hii, ndiyo waliyoshushia magogo kabla hatujaona breki za chuma: kila mzunguko kwenye shina hubeba sehemu ya mzigo, mpaka mkono mmoja unaweza kumzuia mtu mzima. Nikalegeza ile breki ya kwanza, uzito ukahamia, nikamshusha. Fundo lilikuwa linapanda wakati yeye anateremka, na kwa kuwa zilibaki mita 12 tu, lilisimama mbali chini ya panda bila kukwama.

Alipofika chini tulimlaza chali, tukaangalia pumzi yake, tukamfunga mkono. Zamani nilifundishwa kwamba mtu aliyening'inia asilazwe, aketishwe kwanza, eti damu ikirudi ghafla itamuua. Mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza ilichapisha mapitio yake mwaka 2009 na haikuona ushahidi wa fundisho hilo. Mlaze, mhudumie kama majeruhi mwingine yeyote: njia ya hewa, pumzi, damu inayotoka. Piga 999 au 112. Na kwa kuwa msituni simu hushika mtandao kwenye vilima vichache tu, kijueni kilima hicho asubuhi, kabla ya kazi, na mmoja wenu ajue kueleza njia ya gari kufika hapo.

Mtu wa chini, basi, si mtoto wa kuokota matunda. Si yule aliyekuja kwa kuwa hana kazi siku hiyo. Yeye ndiye jibu la swali letu. Asilale, asiende kununua chapati, asiache simu izime. Awe amemshusha mtu mzima kwa breki ileile walau mara moja, kwa mazoezi, kabla ya siku ya taabu. Anayekata kwa panga au msumeno huko juu awe na kifungo cha pili shinani, kwa sababu kamba iliyokaza hukatika kwa mguso mmoja wa chuma. Nyuki wakishuka, mtu wa chini hakimbii mpaka amemshusha aliye juu, kwa hiyo naye avae nguo za nyuki. Na mtu akinaswa karibu na waya wa umeme, hapo pekee mtu wa chini hagusi kamba wala mti hata kidogo, mpaka umeme ukatwe na wenye umeme wathibitishe kuwa umekatwa. Hilo ni gumu kulisema na gumu zaidi kulitii, lakini maiti mbili hazisaidiani.

Mheshimiwa mwenyekiti, naona unatazama saa. Nyuma ya ukumbi huu kuna mwembe mkubwa, na tangu asubuhi nimekwisha kupitisha kamba kwenye panda ya mita 8. Kamba ni ya mita 30, mnaweza kupiga hesabu wenyewe. Tutatoka sote. Nitapanda mimi, mwenye kiwiko kisichonyooka, na nikifika juu nitalegea mwili kama aliyezimia na sitajibu hata mkiniita. Atakayenishusha ni wewe kijana wa mlangoni mwenye fulana nyekundu, ambaye mkono wako sikuuona niliposema la tatu. Njoo tukague fundo kwanza.